Uzi: Tunaolea watoto waliopitia magumu wakiwa wadogo, Mwanza na Kanda ya Ziwa, tukutane hapa

#1 Mama wa Nyakato (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Naandika kwa ajili ya watu wanaolea watoto ambao kabla hawajaanza darasa la kwanza walishapita kwenye njaa, kipigo, msiba, au kuhamishwa nyumba hadi nyumba. Hapa Mwanza tupo wengi kuliko tunavyojijua. Kuna mtoto wa marehemu dada, kuna mjukuu aliyeletwa kutoka visiwani na nguo aliyovaa tu, kuna aliyeokotwa stendi. Tunawapokea kwa moyo mweupe, kisha miezi ikipita nasikia kauli ileile sokoni, kwenye kikoba, hata kanisani: "Namlisha, namvisha, namsomesha, lakini ananiibia na kunidanganya. Hana shukrani."

Hiyo "hana shukrani" ndiyo iliyonifanya niandike.

Mimi na mume wangu tunalea ndugu wawili, msichana na mdogo wake wa kiume. Walizaliwa kwenye kambi ya wavuvi kisiwani. Tuliwapokea kupitia ofisa ustawi wa jamii, kama familia ya kuaminika, kwa utaratibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Nimebadilisha mambo kadhaa wasitambulike. Yaliyowapata huko nyuma sitayaandika, hayo ni yao, wakikua watayasema wakitaka.

Nianze na chakula, maana ndipo wengi tunapokwama. Mwanzoni kila nikitandika kitanda chao nilikuta vitu chini ya godoro: ugali uliokauka, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), dagaa waliofungwa kwenye karatasi ya daftari. Kwangu hawakuwahi kunyimwa. Jirani akaniambia huo ni wizi, nikiuchekea leo kesho watabeba redio. Lakini hebu fikiri. Mtoto aliyewahi kulala njaa, asijue kama kesho moto utawashwa, anapoficha chakula anatumia akili. Akili hiyo ndiyo iliyomfikisha kwangu akiwa hai, yeye na mdogo wake. Siwezi kumwadhibu kwa kitu kilichomwokoa.

Tukaweka kopo lenye mfuniko kwenye rafu ya chini, ndani matobolwa na karanga. Nikawaambia: hili ni lenu, haliombwi, likipungua naongeza. Nikawa naliongeza kila jioni mbele ya macho yao. Chakula chini ya godoro hakikuisha palepale. Kilipungua, kikarudi mume wangu aliposafiri kikazi, kikapungua tena. Kopo bado lipo.

Jambo la pili ni huyu msichana kuwa mama wa mdogo wake. Hakubali mtu mwingine amwogeshe. Hatii tonge mdomoni mpaka ahakikishe mdogo ameshiba. Usiku analala upande wa mlango ili atakayeingia amkute yeye kwanza. Wageni wanamsifu, "Binti ana utu uzima huyu!" Mimi moyo unaniuma, maana utu uzima wa mtoto wa umri ule una bei. Hatukumnyang'anya kazi yake. Ningesema "acha, sasa mimi ndiye mama", ningekuwa nimemvua kitu pekee anachokijua kuhusu yeye mwenyewe. Nilimwomba anifundishe: mdogo wako anapenda maji ya namna gani, anaanza kuoshwa wapi, analia akifanywa nini. Akawa anasimama pale na kuniongoza. Baadaye akawa anakaa mlangoni. Siku hizi namsikia nje anaruka kamba na wenzake wakati mdogo yuko kwenye beseni, na kwangu kule kuruka kamba ni zaidi ya kushika namba moja darasani.

Halafu kuna sauti na harufu. Mlango ukifunguliwa ghafla, msichana yuko uvunguni. Mwanaume akipita ananuka gongo, mdogo anajikojolea. Mume wangu, Mungu ambariki, akajiwekea utaratibu bila kuambiwa na mtu. Akifika getini anaita, "Ni baba, nimerudi." Kisha anagonga, kisha anaingia. Kila siku, hata mvua ikinyesha. Kuna ndugu zake walioona mwenye nyumba kugonga mlango wake mwenyewe ni kujishusha. Yeye anaendelea.

Na sifa. Hili linachanganya watu wengi sana. Unamwambia mtoto "wewe ni msichana mzuri sana, nakupenda", dakika kumi baadaye kikombe kimevunjwa kwa makusudi. Mtoto aliyeamini muda wote kwamba yaliyompata yalitokana na ubaya wake, ukimwita mzuri anaona unadanganya, au anaona utagundua ukweli halafu utamrudisha. Anavunja kikombe ili mmalize mapema. Kwa hiyo sisi tunasifu kidogo, na tunasifu kitendo: "Umefunika ndoo ya maji, ahsante." Hilo analibeba bila kuogopa.

Ninachotaka kusema katika haya yote ni kimoja. Mtoto aliyeumizwa mapema hamwamini mtu mzima kwa sababu ameambiwa anapendwa. Anamwamini kwa kuona jambo dogo likitokea leo, na kesho, na kesho kutwa, vilevile, bila kukosa. Chai saa ileile. Sauti ileile getini. Mtu yuleyule akiamka usiku. Mpaka hapo, kumrekebisha tabia ni kupoteza nguvu. Mwili uliokaa kwenye hatari muda mrefu umezoea kuwa macho. Kitu kidogo tu kinapandisha homoni za hofu, na ile sehemu ya ubongo inayopima na kusubiri inanyamaza. Mtoto akiwa kwenye hali hiyo hasikii hotuba yako hata uwe mhubiri.

Karibuni. Walezi, walimu, watu wa afya, na nyie mliolelewa hivyo.

#2 Kijana wa Igoma

Nimesoma yote. Mimi ni yule mtoto wa kuhamishwa nyumba hadi nyumba, sasa nina wa kwangu. Nitarudi nikishapata maneno.

#3 Mzee wa Buswelu

Mleta mada, nakupongeza kwa moyo wako. Lakini haya mambo ya kutochapa na kopo la karanga ni ya kizungu. Sisi tulilelewa kwa fimbo na tumekuwa watu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ukimbembeleza mtoto aliyekwisha kuharibika, atakupanda kichwani.

#4 Mama wa Nyakato (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu. Ahsante kwa kuchangia, na najua wengi wanawaza hivyohivyo.

Kuhusu uzungu: mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa zima hapahapa Tanzania, wakaulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24 kuhusu utoto wao. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Karibu robo tatu ya wote walisema waliwahi kupigwa ngumi, mateke, viboko au kutishwa kwa silaha. Watoto hawa ni wetu, mzee wangu. Jambo hili liko Buswelu na liko Nyakato.

Kuhusu samaki: huyu wa kwangu alikunjwa na wengine kabla hajafika. Nikimkunja tena anavunjika.

Lakini usidhani nyumbani kwangu hakuna sheria. Binti alichukua hela kwenye kopo langu la kikoba. Sikupiga kelele, wala sikumnyima chakula cha usiku, maana kumnyima chakula mtoto aliyewahi kulala njaa ni kumthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuficha. Tulikaa wote wawili jikoni, nikamwambia najua, na nikamwambia hatahamishwa kwa sababu hiyo. Nilianza na hilo la pili, ndipo akaweza kunitazama. Halafu akarudisha kwa kazi: Jumamosi aliniuzia vitumbua pale nje, hela ikahesabiwa mbele yake mpaka ikatimia. Adhabu ilikuwepo, ila ilikuwa ya kukaa na mimi, haikuwa ya kufukuzwa mbele yangu.

#5 Baba wa Sengerema

Dada yangu, umegusa penyewe. Sisi tunalea mtoto wa kaka, yuko miaka sita. Ana mambo mawili. Kwanza anakojoa kitandani karibu kila usiku. Mama yangu mzazi anasema tumvishe godoro kichwani tumzungushe mtaani aone aibu. Shemeji anasema tumpeleke kwa mtaalamu wa kienyeji, kuna kitu kimemwingia. Pili, na hili ndilo linanitisha, anamkumbatia kila mtu. Fundi wa pikipiki hajawahi kumwona, kesho yake kakaa mapajani mwake. Majirani wanasema mtoto ana upendo. Mimi naona kuna kitu hakiko sawa.

#6 Nesi wa Zamu

Kaka wa Sengerema, macho yako yanaona vizuri. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, nikujibu moja moja.

Kukojoa. Kabla ya kusema ni hofu, mpeleke kituo cha afya. Sisi wa ziwani tuna kichocho, na mtoto aliyekulia kando ya maji anaweza kuwa nacho bila mtu kujua. Ukisikia mkojo una damu usisubiri. Kanda yetu pia ina selimundu kwa wingi, ugonjwa wa damu wa kurithi, na watoto wenye selimundu hukojoa sana usiku kwa sababu figo zao zinashindwa kubana maji. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wana kliniki yake. Apimwe mkojo, kinyesi na wingi wa damu, na kama historia ya wazazi haijulikani apimwe VVU pia. Na masikio! Nimeona watoto wanaoitwa wakaidi kumbe sikio linatoa usaha tangu uchanga, hawasikii. Vyote vikiwa safi, basi ni hofu au ni umri tu. Weka nailoni chini ya shuka, mwamshe ukienda kulala wewe, asubuhi mbadilishe bila maneno. Lile la godoro kichwani nakuomba kwa heshima zote za mama yetu, lisifanyike. Aibu inaongeza hofu, na hofu inaongeza mkojo.

Na kwa mganga: kumwombea mtoto hakuna ubaya. Lakini popote watakaposema afungwe, apigwe, afukizwe moshi au afunge kula ili kitu kitoke, mchukue mwanao uondoke.

Kukumbatia kila mtu. Mtoto mwenye mtu wake huanza kwa kumwangalia mtu wake: huyu mgeni ni salama? Akiona uso wa mama umetulia, ndipo anasogea. Mtoto ambaye hakuwahi kuwa na mtu mmoja wa kudumu, au aliyelishwa na mikono mingi isiyokaa, anaweza kukosa hatua hiyo ya kuangalia. Kila mtu mzima kwake ni sawa. Hali hiyo inaonekana kama upendo, na watu wabaya wanaijua kuliko sisi. Kwa hiyo kwa kipindi fulani punguza mikono. Wewe na mke wako ndio mnaomlisha, mnaomwogesha, mnaompakata. Wageni wamsalimie kwa mkono. Akikimbilia mtu, usimgombeze, mwite: "Njoo kwanza kwa baba, kisha twende wote tukamsalimie."

Jambo ambalo wengi hawalijui: elimu hii ya mfungamano wa mtoto na mlezi ilianza kuchunguzwa kwa makini karibu kabisa na ziwa letu. Miaka ya 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alikuwa Kampala, akawa anazunguka vijiji vya jirani kutembelea familia 26 zenye watoto wachanga, anakaa, anatazama mama na mtoto wanavyoishi. Aliona watoto wanavyomtumia mama kama kituo: wanatambaa kwenda mbali, wanarudi, wanakwenda tena. Baadaye ndipo akaendeleza kazi hiyo Marekani. Mambo haya yalionekana kwanza kwa akina mama wa Buganda wakiwa wamekaa na watoto wao, kwa hiyo mzee wa Buswelu asiyaone mageni.

Na je, mtoto akikosa mwanzoni ndiyo basi? Hapana, ila muda una uzito. Huko Romania kuanzia mwaka 2000 walifuatilia watoto 136 waliokuwa wakikulia kwenye makao, nusu wakapelekwa kwa familia za malezi kwa kura. Waliokwenda kwenye familia walipata nafuu kwa mengi, na kwenye suala la mfungamano walionufaika zaidi ni waliotoka kabla ya kufikisha miaka miwili. Waliochelewa nao walinufaika, ila njia yao ilikuwa ndefu. Wa kwako ana sita, kaka. Andaa pumzi.

#7 Bibi wa Ukerewe

Naandikiwa na mjukuu wangu mkubwa. Nimesomewa yote.

Mimi nalea mjukuu ambaye mama yake alifia majini. Ndugu walimwambia mtoto mama amesafiri, atarudi. Alikuwa mdogo wakaona ndiyo huruma. Kila chombo kikitia nanga anakimbilia ufukweni. Watu wanashuka na mizigo yao, na kuku, yeye anatazama mpaka wa mwisho anashuka. Akaacha kula. Nikakataa uongo ule. Nikamkalisha nikamwambia mama yako amekufa, mwili wake umezikwa, hapumui, hasikii baridi, hasikii njaa, hatarudi, na si wewe uliyemfanya. Nikampeleka kaburini tukapalilia wote. Alilia siku nyingi. Wakanisema bibi hana huruma. Lakini alianza kula.

Msiwadanganye watoto kuhusu msiba. Wakidanganywa wanatunga wenyewe, na wanachotunga ni kibaya kuliko kweli. Huyu wangu alikuwa amewaza kwamba mama amemkimbia kwa sababu alikataa kwenda kuchota maji.

Maji bado anayaogopa. Simlazimishi. Tukienda Mwanza namwambia jana yake, namwonyesha makoti ya kuokolea yalipo, tunakaa anapotaka yeye.

#8 Mama wa Nyakato (mleta mada)

Shikamoo bibi. Nimesoma hili kwa sauti, mume wangu akaacha kula akasikiliza.

Sisi watu wa ziwa misiba hii tunayo, na tunaizika upesi mno. Meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, waliozikwa pamoja wako pale Igoma. Kivuko cha MV Nyerere, 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati ya Ukara, watu zaidi ya 220. Tunahesabu waliokufa na waliookolewa. Watoto waliobaki nyumbani wakisubiri hawaingii kwenye hesabu yoyote, na wale wa mwaka 1996 leo ni wazazi. Kama unalea mtoto wa msiba wa aina hii, angalia kalenda. Tarehe ikikaribia anaweza kuwa mkali, mzito au mgonjwa wa tumbo bila yeye kujua kwa nini. Redio inataja, watu wazima wananong'ona, mwili wa mtoto unasikia.

#9 Mwalimu wa Darasa la Pili

Nichangie upande wa shule, maana mtoto yuko kwetu nusu ya siku.

Darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati, sitawadanganya kwamba mwalimu anaweza kumkalia kila mmoja. Yapo madogo yanayowezekana. Mtoto anayeshtuka akae mahali anapoona mlango, mgongo ukiwa ukutani. Nikijua kesho sitakuwepo, namwambia leo, namwambia na mwalimu gani ataingia. Asiyetulia nampa kazi yenye mwendo: kufuta ubao, kupeleka daftari ofisini, kugonga kengele. Kazi ya "chora familia yako" nimeibadilisha kuwa "chora watu unaokula nao".

Wazazi, hamlazimiki kunisimulia historia nzima. Niambieni tu kinachomtisha na kinachomtuliza. Na kuhusu viboko, mnayo haki ya kuzungumza na mwalimu mkuu. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kiboko hutolewa na mkuu wa shule au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, kisizidi vinne. Kila mwalimu kushika fimbo yake si utaratibu. Kwa mtoto wa aina hii mimi ningeomba kisiwepo hata kimoja, na nimeomba hivyo kwenye kikao cha shule yetu.

Angalieni pia Ijumaa na siku za kufunga shule. Wenzake wanafurahi, yeye anapigana. Kuaga kwake kuna maana nyingine.

#10 Mzee wa Buswelu

Nimesoma ya bibi na ya nesi. Kuhusu fimbo bado nina mawazo yangu. Lakini niulize kwa dhati: mlezi akichoka je? Mimi na mke wangu tulilea mtoto wa mdogo wangu, mtoto akammaliza mke wangu nguvu zote. Tulimrudisha kwao. Hatujawahi kulizungumza.

#11 Mama wa Nyakato (mleta mada)

Mzee wangu, ahsante kwa kulisema. Na mama apewe pole yangu.

Uchovu huu upo na una madhara. Mtoto anayeogopa usiku kucha anakukesha, mchana anakusukuma aone kama utamwacha, na wewe ndiye unayepokea hasira iliyokusudiwa watu wengine. Moyo unakufa ganzi. Unaanza kumchukia mtoto, unajichukia kwa kumchukia. Hiyo ni dalili kwamba umebeba peke yako, na haina uhusiano na wema wako.

Kwetu tunapokezana usiku. Kuna dada mmoja wa kikoba anawajua watoto na watoto wanamjua, anakaa nao Jumapili alasiri, mimi na mume wangu tunashuka Kirumba tunakula sato tukiwa kimya. Akina mama wa jumuiya walitaka kuniletea nguo za watoto, nikawaomba waniletee kuni na wanifulie shuka. Nguo zilikuwepo. Kilichokosekana ni usingizi.

Nesi, hebu tusaidie: mtu akizidiwa aende wapi?

#12 Nesi wa Zamu

Anza kwa ofisa ustawi wa jamii, kata au halmashauri. Wengine wamezidiwa na kazi, mrudie, usikate tamaa. Kama kuna ukatili unaoendelea au unaoushuku, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, simu ya mtoto, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Mtoto anayejiumiza, anayesema anataka kufa, asiyelala kabisa, au anayerukwa akili kama yuko kwenye tukio lilelile, aonwe hospitali na watu wa afya ya akili.

Na msidhani tiba ni ya madaktari bingwa peke yao. Kuna utafiti uliofanyika Moshi na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi. Washauri walikuwa watu wa kawaida wa jamii waliofundishwa na kusimamiwa. Watoto walikaa kwenye vikundi, walezi wao pia, wakajifunza kutuliza mwili na kusimulia yaliyowapata kidogo kidogo. Majibu yalitoka 2020: katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti, dalili za kiwewe zilipungua zaidi kuliko kwa waliopata huduma za kawaida. Hilo linawezekana Mwanza.

#13 Kijana wa Igoma

Nimerudi. Nitasema moja tu kama mtoto aliyelelewa.

Nilipita nyumba nyingi. Zote walinilisha. Nyumba niliyotulia ilikuwa ya shangazi Mabatini, muuza samaki, na hakuwa mpole hata kidogo. Lakini kila alfajiri alisema, "Naenda mwaloni, nitarudi jua likifika kwenye ule mwembe." Na alirudi. Siku akichelewa alimtuma mtu wa bodaboda aje aniambie amechelewa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuona kwamba mimi ni wa kupewa taarifa. Nilimtukana, nilimwibia, nilitoroka mara kadhaa, alinifuata akanirudisha, na kesho yake alfajiri akaniambia tena anakwenda wapi na atarudi saa ngapi.

Mleta mada, yule baba anayeita getini, mwambie aendelee.

#14 Dada wa Kisesa

Jamani nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Jumatatu naletewa mtoto wa miaka minne, wa binamu yangu. Nina hofu. Siku ya kwanza nifanye nini?

#15 Mama wa Nyakato (mleta mada)

Mdogo wangu, hongera na usiogope.

Usialike watu. Najua ndugu watataka kuja kumwona, waambie waje mwezi ujao. Uliza aliyekuwa naye anakula nini na analalaje, upike hichohicho, kama ni ugali wa udaga (unga wa muhogo) na dagaa basi ni huo, hata kama umenunua kuku. Nguo alizokuja nazo usizitupe wala usikimbilie kuzifua, harufu yake ndiyo kitu pekee anachokifahamu nyumbani kwako. Mzungushe nyumba nzima mkiwa mmeshikana mkono kama atakubali: choo hiki, maji haya, mimi nalala hapa, wewe unalala hapa, taa inawashwa hivi. Choo cha nje usiku utampeleka wewe, mwambie hivyo. Usimlazimishe akuite mama. Akilia kaa karibu, asipolia pia kaa karibu, maana asiyelia ndiye wa kumwangalia zaidi. Usiku acha mlango wazi kidogo, mwambie ukiniita nitakuja, halafu akiita uende, hata akiita mara nyingi na hana anachotaka.

Jumanne rudia yaleyale kwa saa zilezile. Na kabla ya Jumatatu mpigie ofisa ustawi wa kata yako, ajue kuna mtoto anahamia, na akupe maandishi ya makabidhiano. Utayahitaji kliniki na shuleni.